Mama alivyojibu swali la njaa

Leo nimemjua mama yangu kupitia mtu wa takwimu.

Dada wa utafiti wa kaya kaja kwetu Milanzi na kishikwambi.
"Shikamoo mama. Majibu yenu yanaisaidia serikali kupanga nani asaidiwe."

Tukaanza na maswali ya bati, choo, mahindi.

Kisha akauliza, "Wiki iliyopita, kuna mtu mzima aliyelala njaa ili wengine wale?"

Nikawahi: "Hapana."

Mama akasema, "Mimi. Siku tatu."

Sisi alikuwa anatuambia kashakula jikoni. Na mimi, mtu mzima jamani, nilikuwa najiongezea ugali.

Dada akaandika, akaendelea na swali la mbolea.

Dada kashaondoka. Mama yuko uani anapepeta maharage.

Ungekuwa wewe, ungeanzia wapi kuongea naye?