Daktari Asiye na Muhuri Ukutani

Nabintu amenipa ruhusa ya kuandika habari hizi kwa ajili ya akina mama wa jumuiya yetu, maana wengi mmeniuliza jinsi alivyotibiwa, na kila ninapoeleza kwa mdomo nasahau kitu.

Yeye ni mzaliwa wa Walungu, kule Kivu ya Kusini, Kongo, na ana miaka thelathini na minne. Hapa Nakivale, makazi yetu ya wakimbizi huku Uganda, anashona sare za shule katika ushirika wetu wa wanawake. Cherehani yake inapakana na yangu, kwa hiyo nimesikia kicheko chake miaka sita. Ni mtu wa utani. Mimi ni Mrundi, naye ananiambia kwamba sisi Warundi tunakula maharage mchana na usiku tunayaota. Mume wake, Baudouin, analima mahindi, na maneno yake kwa siku unaweza kuyahesabu kwa vidole. Wameoana miaka minane. Mtoto walikuwa bado hawajapata.

Mwaka juzi utani wake ulianza kupungua. Damu ya mwezi ilikuja siku kumi, siku kumi na mbili, nyingi mno, na tumbo likawa gumu upande mmoja. Alikuja kazini amevaa vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, na alipoinuka aligeuka kwanza kuangalia kiti. Nyinyi wanawake mnaelewa. Tukamsihi aende kituo cha afya. Pale yuko muuguzi Miriamu, mama mnene, mkali kidogo, mwenye moyo safi. Alimpima, akamwambia: "Una uvimbe kwenye kizazi. Mimi siuwezi. Unahitaji daktari bingwa wa wanawake, na hao wako Mbarara." Akamwandikia barua.

Mbarara ilitutisha. Hatukumjua daktari hata mmoja kule. Kadi za bima tulikuwa nazo, kwa sababu ushirika wetu uliingia kwenye bima ya afya, lakini hakuna kati yetu aliyekuwa ameitumia kwa jambo kubwa kuliko malaria. Sasa mwanamke mmoja sokoni akatuambia kwamba kuna dokta wa akina mama hapa karibu, kwenye senta moja ya maduka kando ya barabara, na kwake hakuna foleni. Mimi ndiye niliyesema twende kwake kwanza. Kosa hilo ni langu.

Mnajua jinsi sisi tulivyolelewa na karatasi. Kule Burundi barua ya ofisi ya komini isiyo na kashe, yaani muhuri, ilikuwa sawa na kusema uongo. Cheti changu cha ndoa, chenye muhuri wa parokia, kimevuka mipaka ndani ya mfuko wa unga. Na hapa ukimbizini, kila tulichopewa tumepewa kwa karatasi, nasi tunageuza karatasi kwanza kutafuta muhuri kabla ya kusoma neno lolote. Basi kwa yule dokta ukuta ulikuwa umejaa. Niliona vyeti vitano katika vioo, na juu yake mihuri ya bluu, ya zambarau, hata mmoja mwekundu wenye nyota. Nikamgusa Nabintu kiwiko, nikamnong'oneza, "Mungu ametujibu."

Yule bwana alimbonyeza tumbo juu ya nguo, dakika moja hivi. Akasema kizazi kimeharibika, inafaa kitolewe Ijumaa. Nabintu akamwonyesha kadi ya bima. Akaisukuma kwa kidole.

"Hiyo peleka kwa wazungu wako. Hapa ni pesa mkononi."

"Hakuna dawa ingine, dokta?"

"Mama, unataka kufa?"

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika kwenye mashamba ya ndizi Nabintu akasimama. "Mama Capitoline," akasema, "banitoe kizazi, halafu mutoto wangu atalala fasi gani?" Jioni Baudouin alimwambia kwamba yeye alimwoa Nabintu, hakuoa kizazi, na kama ni kuchagua anachagua mke aliye hai. Lilikuwa neno zuri. Lakini Nabintu aliniambia baadaye kwamba neno hilo lilimuumiza kuliko lile la dokta, kwa sababu lilionyesha mumewe ameshaanza kumzika mtoto.

Alhamisi, Nabintu akiwa ameshakubali kukatwa kesho yake, nikamwambia twende tumuage Miriamu na kumwomba baraka. Miriamu alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Huyo dokta anaitwa nani, majina yote? Namba yake ya usajili ni ngapi?"

Nabintu akatoa kipande cha karatasi tulichopewa na yule bwana, chenye jina peke yake.

"Leseni yake ni ya mwaka gani?"

"Vyeti viko vitano," nikasema. "Vyote vina mihuri."

"Mama Capitoline, muhuri unachongwa hata na fundi viatu." Akatoa simu yake. Akatueleza kwamba nchi hii ina baraza la madaktari, huko Kampala, nalo linaandika kila daktari katika orodha: jina, picha, namba, na kama yeye ni bingwa, ni bingwa wa nini. Kila mwaka daktari lazima aombe leseni upya. Mtu anaweza kuwa daktari wa kweli kabisa na bado si bingwa wa wanawake. Akaandika jina la yule bwana kama lilivyokuwa kwenye kile kipande cha karatasi. Akalijaribu mbele nyuma, nyuma mbele.

"Hayupo."

"Labda ameandikwa kwa jina la ubatizo," nikasema. Mungu anisamehe, nilikuwa bado naitetea mihuri.

"Labda hajaandikwa kwa jina lolote," Miriamu akasema. "Nabintu, kesho hutaenda popote. Leta kadi yako."

Nyuma ya kadi kuna namba ya bima. Miriamu alipiga, akapewa majina ya hospitali tatu za Mbarara. Akatuambia hilo halitoshi. "Ukiuliza tu, mnapokea bima, wote watasema ndiyo, halafu mnakwama mlangoni. Uliza hivi: mnapokea kadi hii, kwa daktari huyu, kwa upasuaji huu?" Akampa Nabintu simu ili aulize mwenyewe. Hospitali ya kwanza ilipokea kadi kwa homa na kujifungua tu. Ya pili haikuwa na bingwa wa wanawake mwezi ule. Kwenye ya tatu alijibu msichana wa mapokezi, Prudence, kwa kile Kiswahili cha Waganda, akimwita Nabintu nyabo, yaani mama.

"Nyabo, kadi iko sawa. Madaktari ya wanawake iko mbili. Moja hapana kubali bima, yeye nataka kesh. Ingine, Dokta Ngoga, nakubali. Lakini opareshoni lazima barua ya bima nakuja kwanza. Kama barua hapana, mimi nafukuza wewe na machozi yangu."

Nabintu akacheka. Nilikuwa sijausikia ule mcheko kwa miezi.

Jumatatu tulikuwa Mbarara, mimi na yeye. Alibeba simu ya Baudouin, ile inayopokea picha. Prudence alituketisha mbele ya mlango wa daktari. Na mimi, ndugu zangu, baada ya mafundisho yote ya Miriamu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuinua macho ukutani. Palikuwa na karatasi moja. Imechapwa na mashine, na pembeni kuna kisanduku cha madoadoa meusi. Nikasogea. Nikaitazama juu, chini, nikainamia kioo kwa ubavu ili mwanga usinidanganye.

"Haina kashe," nikamwambia Nabintu.

Naye akainuka akaja kutazama. Uso ukambadilika. "Hata moja? Yule mwongo alikuwa na tano, na huyu wa kweli hana hata moja?" Akachukua mfuko wake. "Tutoke, mama. Niko naogopa. Nimeogopa ya kutosha."

Tulikuwa tumefika mlango wa nje Prudence alipotuita. "Nyabo! Nakimbia wapi? Dokta hapana kula watu!" Nikamweleza, kwa aibu. Watu waliokuwa wakingoja wakaanza kucheka, na mzee mmoja mfugaji kutoka Masha, mwenye fimbo ya kuchungia, akasema kumbe wakimbizi wanapima madaktari kama yeye anavyopima ng'ombe, kwa kutafuta chapa. Nilitamani ardhi inifiche.

Mlango ukafunguka, Daktari Ngoga akatoka. Ni mwanamume mwembamba, mwenye miwani, makamo yangu. Prudence akamwambia yote kwa Kinyankore na yule mzee akaongezea. Nikangoja hasira. Yule wa senta, ukimuuliza kitu kimoja, alikuuliza kama unataka kufa. Huyu alichukua kalamu, akaandika namba yake ya usajili kwenye kipande cha karatasi, akampa Nabintu.

"Siku hizi hawapigi muhuri," akasema kwa Kiswahili cha polepole. "Piga simu kwa mtu unayemwamini. Mimi nangoja."

Na akangoja kweli, amesimama pale pale katika korido. Nabintu akampigia Miriamu, akamsomea namba. Mtandao ukakatika. Akapiga tena. Tukamsikia Miriamu akihema kwenye simu, anatafuta. "Yupo," akasema. "Bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi. Leseni ni ya mwaka huu. Nakutumia picha."

Picha ikaja. Nabintu akaitazama, akamtazama daktari, akaitazama tena.

"Dokta, samahani. Toa miwani."

Korido nzima ikapasuka kwa kicheko. Daktari Ngoga akatoa miwani, akasimama wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nabintu akamchunguza bila haraka, kisha akasema, "Ni yeye. Lakini amekonda."

"Ni kazi," daktari akasema. "Karibu ndani."

Alimpima kwa ile mashine ya ekografi inayoonyesha ndani ya tumbo, akageuza kioo ili naye aone. Kulikuwa na vivimbe vitatu, kimoja kikubwa kama limau, na kizazi chenyewe kilikuwa kizima. Daktari akasema vinaweza kutolewa na kizazi kikabaki. Hakumdanganya. Alimwambia kwamba damu ikikataa kukoma wakati wa upasuaji atalazimika kukitoa ili kuokoa maisha, na kwamba jambo hilo limeandikwa katika karatasi atakayotia sahihi, kwa hiyo asome kwanza. Nabintu akamuuliza upasuaji kama huo ameshafanya mara ngapi, na waliobaki na kizazi ni wangapi. Nilitaka kumfinya. Daktari akajibu, na akasema angependa wagonjwa wote waulize hivyo.

Tukarudi nyumbani kungoja barua ya bima. Siku tisa. Prudence alipiga siku ya saba kusema bima wanataka nakala ya barua ya Miriamu, siku ya nane kusema wameipata, na siku ya tisa akapiga akipiga kelele kiasi kwamba Nabintu aliweka simu mbali na sikio. "Imekuja! Imekuja, nyabo! Leo mimi hapana fukuza mtu!"

Siku ya upasuaji Baudouin alikuwa nasi. Waliketi yeye na mkewe wakasoma ile karatasi ya sahihi, yeye akifuata mistari kwa kidole, na walipofika kwenye maneno ya kutoa kizazi kidole kilisimama hapo muda mrefu. Nabintu akakisogeza mbele kwa mkono wake. Wakatia sahihi. Akaingizwa.

Nilisali rozari, mafungu yote, na nilipomaliza nikaanza upya, maana mlango ulikuwa bado umefungwa. Baudouin hakuketi. Niliomba Mungu auokoe uhai wa Nabintu, na nikaogopa kuomba la pili, la kizazi, nikaona kama ni ulafi. Halafu nikaliomba pia. Yeye ni Baba, atajua mwenyewe.

Daktari Ngoga alitoka kofia ikiwa imelowa jasho. Akamwendea Baudouin, akaangalia kwanza kama anamwelewa.

"Mke wako yu mzima. Kizazi kipo."

Baudouin akaushika mkono wa daktari kwa mikono yake yote miwili, akaushikilia, akaushikilia, hadi daktari akasema kwa upole kwamba ana mgonjwa mwingine.

Walituruhusu kumwona baadaye, mmoja mmoja, na Baudouin akasema niingie kwanza, yeye bado hajawa tayari kuonekana. Nabintu alikuwa na midomo mikavu na macho ya usingizi. Nikainama nikamwambia sikioni yale aliyosema daktari, maneno yale yale, sikuongeza. Akafumba macho. Nikadhani amelala.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena kwa Kirundi, ili ahakikishe. Nikasema kwa Kirundi, lugha ambayo hajui hata nusu yake, naye akaitikia amina kwa kila neno.