Kaka Yangu Juu ya Jiwe

Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, kaka yangu alikuja kutoka Tabora mjini, ambako alikuwa fundi cherehani, akasema lazima tupande kilima cha kwetu tukawaage wazee. Desturi yetu ni kumwaga maji ya unga wa mtama kule juu, pale walipotambikia baba na babu. Mimi, mdogo wake wa kike, nilikuwa nimeshapita miaka sitini, naye ananizidi kumi. Nikamwambia, "Kaka, mawingu yale siyapendi. Twende kesho asubuhi." Akanijibu kwamba babu yetu alibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani, yeye ashindwe na kilima cha kuchungia mbuzi? Basi, nikamfuata. Kwetu mdogo habishani na mkubwa. Ujinga mtupu, lakini ndivyo tulivyolelewa.

Kupanda tulipanda salama. Tukatambika, tukawaeleza wazee tunakohamia, wasije wakatutafuta wakatukosa. Tulipogeuka kushuka, manyunyu yakaanza.

Njia ya kushukia ni jiwe tupu la mteremko, nalo likilowa huteleza kama mlenda. Nikavua viatu, nikageukia jiwe, nikashuka kinyumenyume kama nilivyozoea nikienda kuokota kuni: sisogezi mguu mpaka mikono imeshika. Nikafika mahali tambarare. Kutazama juu, yarabi! Kaka kasimama katikati ya jiwe na katambuga zake, viatu vya matairi vilivyolika soli, uso kauelekeza bondeni. Kushoto kwake kuna korongo ambalo mbuzi akitumbukia hatufuati hata nyama.

"Kaka, kaa chini! Shuka kwa makalio!"

"Mimi? Nijiburuze mbele yako kama mtoto mchanga? Hebu geuka huko, usinitazame."

Nikageuka. Mungu anisamehe, niligeuka, eti heshima. Nikasikia soli ikikwaruza, kisha kokoto zikiporomoka korongoni moja baada ya nyingine, nami nimesimama nasubiri kishindo cha mtu.

Kishindo hakikuja. Nikageuka tena. Alikuwa amelala ubavu, vidole vimeng'ang'ania ufa mwembamba, katambuga moja imeshakwenda. Hapo hasira zikanipanda, hasira za miaka sitini.

"Mzee mjinga wewe!" nikapiga kelele. "Usiachie huo mkono! Geukia jiwe! Shusha mguu wa kulia. Chini kidogo. Nimesema chini, husikii?"

Sijawahi kumtolea mtu sauti ile, hata marehemu mume wangu. Nikapanda mpaka chini yake, nikaushika unyayo wake mtupu, nikauweka mwenyewe mahali pake. Kisha nikamvua katambuga iliyobaki, nikauweka na wa pili. Akilegea tu tunakwenda wote wawili, na nilijua hivyo. Yeye analia kimya kimya, mimi namtukana, hatua kwa hatua.

Tulipofika chini suruali yake ilikuwa imechanika na goti linatoka damu. Nikaanza kumwomba radhi: nimekukosea adabu, kaka, nisamehe, nilikuwa naogopa. Akajikokota mpaka mbele yangu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akasema.

Nilidhani ananitania. Nikamtazama; hakuwa anacheka. Akasubiri pale kwenye mvua, mzee wa miaka sabini na zaidi, mpaka nikaitikia.