Zimfikie Popote Alipo

Sitakuapia, maana siku hizi ukimwapia mtu ndiyo kwanza anakushuku. Nitakueleza tu yalivyonipata, na aliyeyaona nusu yake yuko hai, anaitwa Mutua, tunafanya kazi chumba kimoja, na mpaka leo hakalii kiti changu hata umlipe. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi nilikuwa wa kwanza kuwacheka wenye visa vya namna hii. Nilikuwa nikiuliza, jini gani atakuja kumtengenezea mtu kompyuta?

Mimi ni karani wa ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini. Iko Changamwe, juu ya duka la matairi. Nyumbani ni Jomvu Kuu, kwa mama mkwe wangu, Bi Zaituni. Mume wangu Athumani, mwanawe wa pekee, alikuwa baharia. Kazi yake ilikuwa chini kabisa ya meli, chumba cha injini, kupaka mitambo mafuta. Aliondoka nikiwa na mimba changa.

Meli yenyewe ilikuwa mkweche wa kubebea saruji, na mabaharia wake hawakuwa na mtandao wa kupigia simu. Kulikuwa na anwani moja tu ya barua pepe, ya nahodha, na yeye ndiye aliyewasomea watu wake salamu za nyumbani. Kila baharia aliruhusiwa kuandikisha anwani moja ya jamaa zake, nyingine yoyote inakataliwa. Athumani aliandikisha ya ofisini kwangu. Kwa hiyo ndoa yangu yote ilipita katika ile kompyuta ya mezani, katika ile programu ya barua pepe yenye kulia kengele kila barua inapoingia. Nikisikia kengele moyo unanirukaruka kama wa msichana wa shule.

Mtoto alizaliwa, msichana. Kutoka hospitalini nikampigia Mutua, nikamwambia kaa kwenye mashine yangu umwandikie Athumani: tumepata binti, atupe jina. Mutua akaandika, akatia na picha. Akanipigia kuniambia imekwenda.

Sasa, kwa Bi Zaituni jina la mtoto wa kwanza ni la babake. Hakuna akika, hakuna kunyoa nywele, mpaka baba mtu aseme. "Mwanangu yu hai, ana ulimi wake," aliniambia. "Nani atakayemtangulia kumwita mwanawe?" Tukangoja. Siku ya saba ikapita. Arubaini ikapita. Mtoto anaitwa Mgeni tu, Mgeni kalia, Mgeni kalala. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba Athumani amemkataa mtoto, na mimi mwenyewe usiku nilianza kujiuliza. Nikimpigia wakala wa meli ananiambia meli iko safarini, nifanye subira.

Nilirudi kazini Alhamisi moja, na kitu cha kwanza nilichofanya, hata sijavua baibui, ni kufungua ile programu. Barua ya Mutua ilikuwa papo hapo, katika kasha la zinazosubiri kutoka, na nyuma yake zote alizoandika baadaye kwa kuagizwa na mimi. Hakuna hata moja iliyokwenda! Bosi wetu alikuwa akifanya mambo yake kwa simu, hivyo hakuna aliyejua. Mutua alishika kichwa. "Dada, mimi nilibonyeza kutuma. Nikaona imetoweka machoni, nikajua imeenda."

Sikumgombeza. Ningemgombezaje na machozi yamenijaa? Nilikaa nikaishughulikia ile mashine. Niliizima nikaiwasha. Nilichomoa waya wa mtandao nikaurudisha. Niliandika upya neno la siri, herufi moja moja. Niliitoa ile picha nzito nikidhani ndiyo inayozizibia njia barua nyingine. Kila nikibonyeza kutuma, mstari unakimbia mpaka katikati, unasimama, halafu linatokea onyo jekundu kwamba seva ya kutuma barua haipatikani. Na wakati huohuo za watu zinaingia bila taabu! Tangazo la magodoro linaingia. Ankara za ghala zinaingia. Za watu zote zinapita, yangu mimi ya kumwambia mume wangu ana mtoto haipiti.

Nikampigia fundi wetu wa kompyuta, anakaa Mjambere, Kisauni. Akasema labda tulipobadilisha kampuni ya mtandao mipangilio ya kutuma ilivurugika, atakuja kesho.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Ikafika saa saba mchana, wanaume wote wamekwenda kuswali, Mutua ameshuka kutafuta chakula, na ngazi nzima kimya. Jua lilikuwa kali mpaka mabati ya paa yanalia. Mimi nimeinamia mashine, nabonyeza na kubonyeza, nasikia mlangoni: "Hodi."

Nikasema, "Karibu, ingia ndani."

Wewe umezaliwa pwani au umekaa pwani, unajua. Mtu akibisha hodi unauliza ni nani. Wazee wetu hawakuitika karibu mpaka wamesikia jina au wameona uso, na mchana wa jua la utosini walikuwa waangalifu kama usiku. Mama yangu alinikanya hayo tangu mdogo. Lakini nilikuwa na fundi ninayemngoja, nina haraka, na sikuinua hata kichwa. Nilimkaribisha nisiyemjua, tena kwa maneno matatu.

Aliingia bila salamu. Nilimtolea mimi, "Asalaam alaikum," hakujibu. Nikafikiri ni mtu wa bara, hajui. Alivaa ovaroli ya bluu, na suruali yake ilikuwa imerowa mpaka magotini. Nakwambia, nje hapakuwa na tone la maji! Ananuka mafuta ya mashine. Hilo ndilo lililonituliza, amini usiamini, maana ndiyo harufu ya nguo za Athumani akirudi safari.

Nikampisha kiti. Hakuuliza tatizo ni nini. Hakufungua mipangilio, hakugusa waya. Alizitazama zile barua zilizopangana kwenye kioo, akazisoma, naona midomo inamcheza. Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyepigwa na baridi kifuani: "Zote ziende?"

"Zote."

"Kwake?"

"Kwake, ndiyo. Kwani kwa nani?"

Akanigeukia. "Popote alipo?"

Hapo ndipo. Laiti ningeuma ulimi. Lakini nilikuwa nimechoka, na mtoto wangu hana jina, na nikamjibu kwa ukali, "Popote alipo, zimfikie tu!"

Akabonyeza mara moja. Mstari ukakimbia ukamaliza, kasha likawa tupu. Nilifurahi, wallahi, niliruka. Niligeuka kuchukua mkoba nimtolee hata nauli ya kurudia, na nilipogeuka tena kiti kilikuwa kitupu. Ngazi zetu ni za mbao, paka akipita zinalia. Hazikulia. Na kiti kilikuwa chapachapa, maji yanachuruzika sakafuni. Mutua aliporudi na mihogo yake ndiye aliyeyapangusa. Aliyaonja kwa ncha ya kidole, sijui kwa nini, akaniambia ni ya chumvi.

Hatujamaliza kutazamana simu ikalia. Fundi wa Mjambere, anaomba radhi, pikipiki imemharibikia, atakuja Jumatatu.

Kabla ya alasiri kengele ya barua ikalia. Ilikuwa ya anwani ile ya meli. Athumani aliandika: Nimezipata zote. Alhamdulillahi. Mwite Rahma. Huku giza, lakini nimefurahi.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungeyafikiria yale maji, au ungekimbia nyumbani? Mimi nilikimbia. Bi Zaituni alipiga vigelegele mpaka msikitini wakasikia. Jumapili mbuzi akachinjwa, mtoto akanyolewa, akaitwa Rahma mbele ya watu, na wale wa kunong'ona wakala pilau yetu wakashiba.

Jumatatu fundi akaja. Alifungua mipangilio, akaniita. "Dada, tazama hapa. Panapoandikwa seva ya kutuma ni patupu. Hii mashine haijui hata njia ya kutoa barua. Haiwezi kuwa imetuma kitu." Nikamwonyesha barua zilizotumwa, na jibu. Akaandika yanayotakiwa, akajaribu kwa kujitumia mwenyewe, ikaenda. Akakunja waya zake akaondoka bila kuniaga vizuri.

Wiki hiyohiyo wakala wa meli alikuja Jomvu Kuu na watu wawili. Akatuambia meli ilizama. Maji yaliingilia chini, mlango wa chumba cha injini ukafungwa ili meli ielee watu wa juu waokolewe, na walioko ndani wakabaki ndani. Nikamuuliza lini. Akainamisha kichwa. Walikuwa wamekaa na habari hiyo wakitafuta uhakika, alisema. Siku mwanangu alipozaliwa babake alikuwa tayari chini ya maji.

Nilimwendea sheikh kuuliza habari ya eda. Alinihurumia, akanieleza kwamba mjane mwenye mimba eda yake huisha anapojifungua. Yangu ilikwisha siku ileile niliyomshika mtoto. Umewahi kusikia dhiki kama hii? Nilifiwa sikujua, nikakaa eda sikujua, nikatoka sikujua. Sikumlilia mume wangu hata siku moja kwa jina la mjane.

Na Bi Zaituni akakataa khitma. "Mwanangu kajibu barua," alisema. "Kampa mwanawe jina. Maiti gani anayejibu barua? Musinisomee mwanangu naye yu hai." Mpaka leo mkeka wa matanga haujatandikwa katika nyumba ile.

Ningemwambia nini? Maana barua ziliendelea. Kila Ijumaa, saa saba mchana. Mutua amezisoma, muulize. Ya pili ilisema: Mbona mlango haufunguki? Waambieni wa juu wafungue. Ya tatu: Nawaita wenzangu hawaitiki. Wao wamelala, mimi mumeniamsha. Hiyo ndiyo iliyonivunja. Alikuwa amelala kama wenzake, amepumzika, na mimi ndiye niliyemwamsha kwa barua zangu. Hajui kwamba amekufa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia.

Basi nikamwandikia. Athumani mume wangu, meli ilizama. Umekufa, Mwenyezi Mungu akurehemu. Rahma hajambo. Lala. Nikabonyeza kutuma, mstari ukakimbia mpaka katikati, ukasimama, na lile onyo jekundu likatokea.

Fundi amekuja sijui mara ngapi. Barua za wateja zinakwenda, za kujaribu zinakwenda. Ile moja haitoki. Bosi alinunua kompyuta mpya, nikaamka na matumaini, na nilipoifungua ile barua ilikuwa imo, inasubiri. Nimeiandika kwa maneno mengine, nimeifupisha mpaka neno moja, lala. Haitoki. Yule wa ovaroli sijamwona tena, na Mungu anisamehe, ziko Ijumaa ambazo namngoja arudi.

Barua ya mwisho iliingia kabla ya Ramadhani, na baada yake kengele ya saa saba imenyamaza. Ilisema: Mlango umelegea. Nimeona mwanga. Nakuja kumwona Rahma. Nikifika nitabisha hodi, usichelewe kuitika.

Kwa hiyo ukipita Jomvu Kuu ukabisha kwangu nisikuitike, usiseme nina kiburi. Taja jina lako, na la babako, nichungulie dirishani kwanza nikuone uso. Na wewe nyumbani kwako ufanye hivyohivyo. Barua ikikataa kutoka, iache ikatae, usiseme maneno ya popote alipo, hujui aliko. Na hodi usiiitikie ukiwa umeinama.

Mimi ninajilinda. Yule ambaye sijui nitamlinda vipi ni Rahma. Ameanza kusema, na nyanya yake anamfundisha adabu kama watoto wote wa kwetu, mgeni akibisha mtoto aitike. Nimemsihi mama mkwe asimfundishe hilo. Ananitazama kama mwendawazimu. "Babake akija akute mwanawe hajui kukaribisha watu?" ananiambia.

Ijumaa iliyopita nilikuwa jikoni, saa saba, jua la utosini. Sikusikia mtu yeyote kubisha. Nilimsikia Rahma tu, peke yake sebuleni, ameuelekea mlango, akisema kwa ulimi wake mzito, "Kaibu."