Mshale Niliosema Nimeuzika

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, nilipokunywa kikombe kizima cha chai huku nikijua kwamba huenda mtu alikuwa anakufa kwa kosa langu, nami nikanyamaza. Nilikuwa na miaka ishirini. Leo magoti yangu hayataki ngazi, lakini chai ile bado naionja mdomoni. Nitakusimulia polepole, maana jambo la aibu halisemwi kwa pupa.

Vijana wa mtaa wetu wa Umoja wakiingia sebuleni kwangu huliona podo la mishale limening'inia ukutani, kuukuu, halina kitu ndani. Juzi kijana wa jirani alilitazama akaniuliza, "Buda, hii ni kitu ya ukweli ama ni ya kupamba ukuta tu?" Nikamwambia ni ya kweli, na nyama tuliyoiwinda nalo ilitoka Njiru. Alicheka mpaka akashika mbavu. Njiru ya vibanda na magorofa! Simlaumu. Wakati ule nyumba hizi zilikuwa mpya, rangi bado inanuka, na ukitembea saa mbili hivi ukielekea mashariki, ukayapita machimbo ya mawe, uliwakuta swala na kongoni wakilisha kama mbuzi wa mtu. Wala sikuhadithii ili ukawinde. Siku hizi ni kosa la jinai, na hata sisi kibali hatukuwa nacho. Nakuhadithia kwa sababu nyingine.

Niliishi na mjomba wangu Kivuva, ndugu yake mama, aliyekuwa dereva wa lori. Alizaliwa Kitui katika ukoo wa wawindaji. Katika wiki aliendesha lori, na Jumamosi alichukua upinde. Mtu huyu hakuwa msemaji, lakini mafunzo yake nimeyashika hadi leo. Alitembea na kifuko cha jivu. Kila baada ya hatua kadhaa alikitikisa. Jivu likirudi nyuma yetu, tulisonga. Likienda mbele, alisimama, kwa sababu harufu yetu ilikuwa imekwisha kufika kwa mnyama, na ikatubidi tuzunguke mbali, hata kama ni kwa nusu saa. Swala akiwa ameinama kula, tembea. Akiinua kichwa, ganda hapo hapo ulipo, hata kama mguu mmoja uko hewani. Na usipige kitu kwa sababu kimetikisika majanini. Ngoja uone shingo, uone mguu, uone sikio, ndipo uamini ni mnyama.

Lakini amri iliyopita zote ilihusu mishale. Vigumba vyetu, vile vichwa vya chuma vya mishale, vilipakwa sumu iliyochemshwa kutoka kwa mti wa msunguti, kisha vikafungwa kwa ukanda mwembamba wa ngozi mpaka dakika ya kupiga. Ukijikwaruza tu ikaingia kwenye damu, hakuna hospitali utakayoiwahi. Kwa hiyo mjomba alihesabu mishale tukitoka na kuihesabu tukirudi. Ukikosa shabaha, huondoki hapo mpaka uupate mshale wako. Mshale ukivunjika, unazika kigumba chini sana, na juu yake unaweka jiwe.

Siku hiyo mjomba alitumbukia katika shimo la muhanga, kifundo cha mguu kikateguka. Akaketi kwenye kivuli cha mgunga akaufunga mguu kwa kitambaa. Sikuomba kwenda peke yangu, yeye ndiye aliyesema, "Nenda. Mishale yako ni mitatu. Unirudishie mitatu."

Mwanangu, mtu akiaminiwa kwa mara ya kwanza hulewa bila pombe. Nilinyata mpaka nikawakuta swala wanne karibu na mti uliopigwa radi. Nikafungua ukanda wa kigumba, nikavuta ugwe. Na upepo ukageuka. Nilihisi ubaridi kisogoni, nikajua, na badala ya kuushusha upinde, nikaachia. Haraka haraka haina baraka. Swala aliruka, mshale ukapita juu ya mgongo wake, nikausikia ukikata majani marefu kule mbele, fyuu, kisha kimya.

Niliutafuta. Ningependa kusema niliutafuta sana, lakini nimekwisha kuwa mzee, siwezi kudanganya tena. Niliyapekua majani kwa muda ambao mtu angekula ndizi mbili. Kisha nikainua macho nikamwona swala mwingine, dume, amesimama ubavu wazi. Nikaacha kutafuta. Safari hii nililitazama jivu la kifuko alichonipa mjomba, nikangoja, nikampiga nyuma ya bega. Sikumkimbilia, maana mnyama anayefukuzwa hukimbia mbali akafia usikokujua. Nilikaa chini nikangoja, kisha nikaifuata damu, nikamkuta amelala.

Nilimbeba mabegani hadi kwa mjomba, nikiwa nimejaa kiburi kama kibuyu cha maziwa. Akatabasamu, akaikata nyama yote iliyozunguka jeraha na kuifukia. Halafu akanyoosha mkono.

"Mishale."

Nikampa miwili.

"Na wa tatu?"

"Ulivunjika kwenye jiwe, mjomba. Nimeuzika."

"Chini sana?"

"Chini sana."

Akaitia ile miwili podoni, akasema, "Haya." Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini sikujua kwamba yangu ingekuwa fupi kiasi kile.

Tukirudi, tulipitia boma moja ambako kila mara tulipewa maji ya kunywa nasi tukaacha paja la nyama. Mwenyeji wetu tulimwita Mama Nduku, mjane mpole, na Nduku alikuwa binti yake wa pekee, rika langu. Mama alitukaribisha, akamwekea mjomba maji ya moto ya kukanda mguu, akatumiminia chai.

"Nduku yuko wapi leo?" mjomba akauliza.

"Amekwenda kukata majani ya kuezekea zizi. Kule chini, kwenye ule mti wa radi. Nashangaa hajarudi, aliondoka kitambo."

Chai ilikuwa mdomoni. Nikaimeza.

Hapo ndipo ningesema. Hapo hasa! Lakini mjomba alikuwa amenisifia swala wangu mbele ya mama yule, na nyama ilikuwa mezani, na mimi nilikuwa mwanamume kwa saa mbili tu. Nikajiambia kwamba eneo lile ni kubwa. Nikajiambia msichana ana macho. Nikakunywa tena. Mama Nduku akatoka nje, akaweka kiganja juu ya macho kutazama njia, akarudi. Akatoka tena. Kila alipotoka nilihesabu hatua zake. Akilini nilimwona Nduku amelala katika majani yale yale, mkono umevimba, mundu kando yake. Na mjomba, aliyekuwa akikanda mguu wake, alikuwa ameacha kuukanda. Alikuwa ananitazama mimi.

"Anakuja," Mama Nduku akasema pale mlangoni.

Nilitoka mbio. Nduku alikuwa akipanda njia, anaimba chinichini, mtita mkubwa wa majani kichwani, mikono yote miwili imeushika kwa juu. Mama yake alikuwa tayari ananyoosha mikono kumtua. Nami nikawaza: amekusanya majani kwa kukumbatia. Ikiwa mshale ulikuwa humo ndani...

"Mama, usiguse!" Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. "Nduku, simama! Usiutue!"

Nduku akasimama kama nguzo. "Kuna nini? Nyoka?"

Mjomba alikuwa amechechemea mpaka nyuma yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Mshale haukuvunjika."

"La, mjomba."

Hakunipiga, hakunitukana. Alinipita akamwendea Nduku, akazungumza naye kama mtu anayembembeleza mtoto alale. "Mwanangu, shusha mikono yako polepole. Usibonyeze. Sasa piga magoti. Polepole. Shingo iwe wima." Shingo ya msichana yule ilikuwa ikitetemeka kwa uzito. Mama yake alikuwa amejiziba mdomo kwa leso. Mjomba akapitisha fimbo mbili chini ya kamba, akauinua mtita, akaulaza chini, akaikata kamba. Akaanza kuyaondoa majani, jani baada ya jani, kwa ncha ya kijiti. Jua lilikuwa limeinama. Nilisikia hata pumzi za mbwa wa boma.

Hapakuwa na mshale.

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Mjomba akasema, "Basi bado uko kule. Na kesho Jumapili watu watakatiza pale wakienda kanisani. Jua halijatua. Twende."

Nduku akasema, "Nami nakuja. Mimi najua nilipokata." Mama yake alimkataza, lakini binti alikuwa amekwisha kutangulia. Tulipokuwa njiani aligeuka akaniuliza swali moja tu, "Ungeninyamazia hadi lini?"

Mwanangu, nimeulizwa maswali mengi maishani, na maaskari, na wakubwa wa kazi, na mke wangu. Lile hunirudia kila nikimiminiwa chai.

Kwenye mti wa radi mjomba akaniambia, "Simama pale ulipokosea. Si karibu na pale. Pale pale." Nikatafuta alama za viatu vyangu, nikasimama. Akachukua mshale wa pili, akachomoa kigumba chake, akanipa ule uti mtupu. "Swala alikuwa wapi? Vuta kama ulivyovuta. Mpige tena yule swala."

Nikavuta, nikaachia. Uti ukaruka, ukazama majanini. Tukaenda kwa mstari mmoja, tukiyatenganisha majani kwa fimbo kabla ya kuweka mguu. Kila unyayo ulikuwa sala. Nduku akafika mahali alipoishia kukata, majani upande mmoja yamefyekwa, upande mwingine yamesimama. Akainama. Akarudi nyuma hatua moja.

"Uko hapa," akasema.

Ulikuwa umejichomeka ardhini kwa mshazari, kigumba nusu nje, kimefichwa na shina la jani. Kati yake na pengo la mwisho la mundu hapakutimia hata shubiri mbili. Palikuwa na alama ya kiganja chake mavumbini, pale alipojishikilia akikata majani yale ya mwisho, kabla ya kuona kwamba mzigo umetosha.

Nduku akakitazama kiganja chake, akakifumba. Nami nikauchomoa mshale kwa uti wake, nikampa mjomba wa tatu.

Tulirudi bomani, mjomba akaniambia nimweleze Mama Nduku yote kwa kinywa changu mwenyewe, tangu upepo ulipogeuka. Nilieleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akatoka na lile paja la nyama, akaliweka miguuni pangu.

"Nyama hii siwezi kuila," akasema. "Nendeni salama."

Kutoka hapo hadi nyumbani mjomba alisema maneno machache tu, akiniegemea bega kwa sababu ya mguu. "Kukosa shabaha si kitu. Mimi nimekosa mara nyingi kuliko nywele zako. Lakini uliponiambia umeuzika, ulimzika Nduku." Usiku ule aliuchukua upinde wangu akauweka juu ya kabati lake, na hakunirudishia. Baadaye uwindaji ukapigwa marufuku nchini, naye akafa mzee, akaniachia podo hilo tupu, na upinde ule sikuugusa tena. Kwa Mama Nduku tulipita mara nyingine tatu. Maji tulipewa. Nyama hakuipokea tena.

Mwanangu, huna mishale, najua. Lakini wewe unayefunga nyaya kule mtaa wa Pipeline, ukishuka kwenye paa ukakumbuka umeacha waya wazi, huo ni mshale wako uko majanini, na hapo juu mama mmoja ataanika nguo kesho. Au siku ukiendesha gari, ukahisi breki zimelegea, ukamkabidhi mwenzako funguo bila neno, ni huo huo. Au umetuma neno baya la mtu kwenye simu, kisha ukagundua si kweli, ni huo huo pia. Usijiambie eneo ni kubwa. Usijiambie watu wana macho. Mficha uchi hazai, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukikosea, sema jua likiwa bado juu, sema kabla chai haijamiminwa, hata kama umesifiwa dakika hiyo hiyo. Kisha rudi usimame pale pale ulipokosea, maana ukisimama pengine hutakiona ulichopoteza. Aibu ya kusema nimeionja, na aibu ya kunyamaza nimeionja. Ya kwanza huisha.

Mungu wa baba zetu akupe mkono usioharakisha na ulimi usiochelewa. Akulinde na ulichokiacha nyuma yako bila kujua, na awalinde wote watakaopita hapo baada yako. Ulale kwa amani na uamke bila deni moyoni. Amina, mwanangu.