Kanisa Tulilolifagia

Nakumbuka mkutano ule, mwanangu, kama vile viti bado havijapoa. Ulikuwa ndani ya lile kanisa la matofali mekundu katikati ya mji, ambalo wewe unalijua kama baa. Juzi ulipita pale na wenzako, ukaja kuniambia kwa Kiingereza chako kwamba ni pazuri. Nilinyamaza. Leo sinyamazi, nakuandikia.

Wazungu waliabudu asubuhi, wazee wachache wenye makoti mazito. Mchana tuliingia sisi wa Kiswahili, Wakongo, Wakenya, Watanzania, wengi tukitoka mtaa wetu wa Nechells kwa miguu. Baadhi yetu tulikimbia vita tukaacha wafu wetu bila makaburi. Basi kila mwaka, kwenye dirisha la kushoto, tuliwasha mishumaa na kutaja majina yao kwa sauti. Mama yangu mzazi hana kaburi popote. Alikuwa na dirisha lile tu.

Na tulilitunza jengo, usinione hivi! Kila Jumamosi tulifagia, tukapangusa viti, tukazibua mifereji ya paa. Hakuna aliyetutuma.

Siku ya mkutano wakubwa wa kanisa wakatuambia jengo linauzwa, wakauliza kama kuna mwenye neno. Nikainuka. Gideoni, mwenyekiti wetu, akanivuta koti. Ndiyo, namtaja. Yupo hapo mtaa wa Kingstanding, na asome.

"Kaa chini, ndugu yangu. Sisi wageni hapa. Usituaibishe mbele ya wenye nyumba."

Nikakaa. Katibu wake, Josia, akasimama na Kiingereza chake cha suti, akawashukuru, akasema tumeridhika. Tumeridhika! Nani alimtuma?

Pale nje Maman Feza, mama mzee Mkongo wa Uvira, akatuzuia kwenye ngazi, ufagio mkononi.

"Muko wageni? Mugeni gani anafagiaka nyumba? Gideoni, kwako wageni ndio wanakufagilia?"

Watu wakacheka.

"Maman, tuheshimiane," Gideoni akasema.

"Heshima umeiacha humo ndani. Sasa mama ya huyu tutamuitia wapi?" Akaninyooshea ufagio.



Leo dirishani pale watu wanaweka bilauri za bia. Sisi tunawasha mishumaa sebuleni kwangu, king'ora cha moshi kinalia, jirani anagonga ukuta, tunazima kabla majina hayajaisha. Gideoni naye haji. Anasema ana shughuli.

Mwanangu, shule sikuimaliza, lakini hili nimelilipia. Mahali ulipofagia kwa mikono yako, usikubali mtu akuite mgeni, hasa mtu wa kwenu. Wakiuliza nani ana neno, simama. Akikuvuta koti mtu, hata awe mwenyekiti, hata niwe mimi baba yako, mwachie hilo koti usimame bila.

Mungu akupe sauti, akupe na dirisha lako, ututaje wote mpaka jina la mwisho bila mtu kukugongea ukuta. Amina.