Ukuta wa Mwalimu Kaveke

Kriii, kama mlango wa bati unaoburutwa: ndivyo sauti ya Mwalimu Kaveke ilivyokatika siku ile, katikati ya hesabu. Watoto walicheka, kisha wakanyamaza, kwa kuwa yeye hakucheka.

Tangu wenzake wawili waondoke katika ile shule karibu na Tawa bila kuletwa wengine, Kaveke alifundisha gredi ya pili na ya tatu katika chumba kimoja, madarasa mawili yamepeana mgongo, kila moja na ubao wake. Kutwa alipaza sauti ili hawa wamsikie juu ya kelele za wale. Daktari alimwonya kwamba koo halitapona hivyo. Binamu yake Mbithe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Sultan Hamud, akampigia simu.

"Njoo ukae kwa kaunta. Simiti haihitaji kupigiwa kelele. Jumamosi nakuja na pikapu."

Kaveke alikubali.

Jumamosi asubuhi, kabla ya pikapu, alisikia majembe. Wazazi walikuwa wamejaa shambani kwake: mwethya, kikundi cha kuchimbiana matuta ya kuzuia udongo usibebwe na mvua. Mbele alikuwa Mama Ndululu, ambaye wajukuu wake wote Kaveke ndiye aliyewafundisha kusoma.

"Nani amewaita?" Kaveke aliuliza kwa sauti iliyobaki.

"Hakuna. Tumesikia unahama. Na hakuna Mkamba anayeacha shamba lenye matuta mapya."

"Kwa hivyo mmekuja kunifunga kama mbuzi?"

"Mbuzi hatumchimbii, Mwalimu."

Wakacheka. Kaveke hakucheka. Alijua desturi: kuukataa mwethya ni kuaga, kuupokea ni kuchimba nao leo, na kwenda kuwachimbia wengine kesho. Alijishika koo. Kisha akatwaa jembe lake, akaliweka begani, akashika njia ya shule.

"Mwalimu, shamba liko huku!"

"Shamba halijaniumiza koo. Mkitaka nibaki, chimbeni msingi wa ukuta, tugawe kile chumba. Nthiwa, yale matofali yaliyobaki kwa tanuri lako, unangoja yaote?"

Nthiwa alikuna kichwa. "Nimeyaweka ya kumjengea mke wangu jiko."

"Mkeo ameshazoea kungoja," alisema Mama Ndululu.

Mwalimu mkuu, Bwana Muli, alikuja mbio na funguo. Mbithe alipofika, msingi ulikuwa umeshachimbwa.

"Kaveke! Nimekuja kubeba kitanda."

"Beba matofali kwanza."

"Na duka langu?"

"Tafuta mwingine, dada. Mimi nina kazi."

Mbithe alifyonya. Halafu akageuza pikapu kuelekea kwa Nthiwa.

Jumatatu ukuta ulikuwa bado mbichi, bila plasta. Gredi ya tatu walikuwa upande wa pili na zoezi lao. Kelele zao zilifika kama mvua ya mbali. Gredi ya pili walikaa wima, wamejikaza, wakingoja kupigiwa kelele kama kawaida. Kaveke aliegemeza kiganja kwenye matofali, akasema kwa sauti ndogo, kama anayeongea na mtoto mmoja:

"Haya, wanangu. Fungueni vitabu."