Ukaa wa Bi Maisara

Bi Maisara hafungi kikuba ovyo. Asumini hupangwa kwanza, rehani zikafuata, kisha uzi ukazungushwa bila kuliumiza ua. Hapa Mji wa Kale hakuna bibi harusi aliyetoka bila kikuba chake cha maua kifuani, nami Shukri, jirani yake wa mlango kwa mlango, namsema ninavyomjua.

Aliletwa bibi harusi katika nyumba ile nyuma ya Ndia Kuu, akafiwa na mume humo humo, na mpaka leo ni mpangaji. Zamani ilikuwa nyumba baridi. Mwenye nyumba akaziba madirisha ya juu kwa saruji, wapangaji wa chini wakatia mashine ya hewa baridi inayomtemea joto yeye juu. Siku hizi asumini hulala chini ya kitambaa kimaji, na bado hunyauka. Uchungu ulioje!

Basi juzi likapita gari na kipaza sauti: kuna mpango wa kupunguza ukaa katika nyumba kongwe. Bi Maisara akanijia mbio, kanga begani.

"Shukri, umesikia? Watupunguza ukaa!"

"Ukaa gani?"

"Ukaa wa kukaa! Kwani sisi twafanya nini humu ndani? Twakaa! Sasa tumekuwa wengi, tupunguzwe!"

Lahaula! Nami ukaa sijui ni mdudu gani, nikapandisha hasira kumshinda yeye. Jioni alikuwa keshafunga godoro kwa kamba, na sanduku lake la harusi kaliweka mlangoni. Alilia, masikini, na mimi nikalia naye.

Watu wa mpango walipokuja kupima madirisha, walimkuta kaketi kwenye ngazi, miguu kainyosha, njia hakuna. Walikuwa wawili, Fairuz, binti wa hapa hapa mjini, na mwenzake Kahindi.

"Shikamoo, Bi Maisara. Tumekuja kupunguza..."

"Marahaba. Anzeni na miguu hii!"

Fairuz akamtazama, akatazama godoro, akaelewa. Akaketi ngazi ya chini yake. "Toba! Bibi, si ukaa huo. Ni hewa ukaa, moshi wa mafuta yanayochomwa kutupa umeme. Nyumba ikiwa joto, watu hutia mashine, umeme ukaliwa, moshi ukazidi. Sisi twataka kuzibua madirisha yako, tubandue saruji, turudishe chokaa, paa tulipake rangi nyeupe. Nyumba ipoe yenyewe."

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Bi Maisara naye alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akamgeukia Fairuz.

"Mwanangu, na ikishapoa?"

"Asumini yako haitanyauka tena."

"Sikuulizi asumini. Ikishapoa, ikang'ara, mwenye nyumba hatonipandishia kodi? Hatosema ampe mtalii wa kutembea?"

Kahindi akakunja utepe wake wa kupimia. Mimi nilidhani Fairuz atatuletea maneno ya ofisini, nikajiandaa kumpasha. Wapi!

"Bibi," akasema polepole, "hilo hatukulifikiria."

Wallahi nilimpenda pale pale.

Katika mkutano wa mtaa Fairuz alisimama, akasema nyumba yenye wapangaji haitaguswa mpaka mwenye nyumba akubali mbele ya watu kwamba hamtoi mtu. Wenye nyumba wakaguna. Yule wa Bi Maisara alikuwa safu ya mbele. Alisema atafikiri, akaondoka kabla ya chai.

Bado anafikiri. Madirisha bado yamezibwa, na joto ni lile lile. Bi Maisara amelitandika godoro lake, lakini sanduku lingali mlangoni, na kila niingiapo hujigonga nalo mguu. Jana nikamfokea alirudishe mahali pake.

"Godoro nimelifungua kwa ajili ya Fairuz," akanijibu, akiukata uzi wa kikuba kwa meno. "Sanduku lamngojea mwenye nyumba."